Mjumbe Hauawi: Habari za Daudi Mwangosi, Mwandishi wa Televisheni

Wahenga wetu walikuwa na sheria nyingi ambazo hazikuandikwa katika kitabu chochote, lakini zilishikwa kuliko nyingine zilizoandikwa. Mojawapo ni ile iliyofupishwa katika maneno mawili tu: mjumbe hauawi. Mtu aliyetumwa kutoka kwa mtemi mmoja kwenda kwa mwingine aliweza kubeba habari tamu au habari chungu, salamu za amani au tangazo la vita. Aliyepokea habari hizo aliruhusiwa kukasirika, na hata kukataa kujibu, lakini hakuruhusiwa kumgusa yule aliyezileta. Mjumbe alipewa maji, akapewa mahali pa kulala, na asubuhi akasindikizwa hadi mpakani.

Katika makala haya nimekusudia kueleza maisha na kifo cha mjumbe mmoja wa siku zetu, marehemu Daudi Mwangosi, aliyekuwa mwandishi wa kituo cha televisheni cha Channel Ten katika Mkoa wa Iringa. Aliuawa tarehe 2 Septemba, 2012, akiwa kazini, katika kijiji cha Nyololo, Wilaya ya Mufindi. Huenda msomaji akauliza: kwa nini mtu wa Singida aandike habari za mtu wa Iringa? Majibu yangu ni mawili. Kwanza, Iringa ni jirani yetu upande wa kusini, na wahenga walisema kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Pili, maisha aliyoishi Mwangosi ndiyo yanayoishiwa na waandishi wa kila mkoa wa nchi hii, wa Singida wakiwamo. Anayetaka kumjua mmoja wao na awaangalie wote.

Habari kabla ya televisheni

Mimi nilikulia katika kijiji kimoja cha Wanyaturu, kati ya majabali na mashamba ya mtama na uwele. Katika miaka ya mwisho ya sabini na mwanzoni mwa miaka ya themanini, redio kijijini petu zilikuwa za kuhesabika, na betri zake zilianikwa juani ili zipate nguvu ya siku mbili tatu zaidi. Ilipofika saa mbili usiku wazee walikusanyika nyumbani kwa mwenye redio, watoto tukakaa pembeni, na wote tukanyamaza. Taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilisikilizwa kwa adabu ile ile ambayo mababu zetu walimsikilizia mpiga mbiu. Baada yake yakaja mazungumzo baada ya habari, nayo wazee waliyajadili hadi moto ulipozimika.

Idhaa hiyo ilikuwa na historia ndefu. Ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, wakati wa utawala wa Waingereza, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania, chombo cha Serikali. Ilifundisha kisomo, ikaeneza kampeni za afya na kilimo, na zaidi ya yote ikaieneza lugha ya Kiswahili hadi pembe za nchi ambako hapo kabla ilisikika siku ya mnada tu. Hapana shaka taifa hili lilijengwa kwa sehemu kubwa na masikio ya watu.

Hata hivyo redio ile ilikuwa ni mbiu iliyopigwa kutoka juu kwenda chini. Viongozi walinena, wananchi wakasikia. Mara chache sana kijiji chetu kilinena na Dar es Salaam ikasikia. Kisima kilipokauka, au dawa zilipokwisha katika zahanati, habari hiyo ilikwenda kwa miguu hadi kwa katibu tarafa, na aghalabu iliishia hapo.

Televisheni ilichelewa kufika kwetu. Zanzibar ilitangulia mwaka 1973, nayo ikajipatia sifa ya kuwa na televisheni ya rangi mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Bara, viongozi waliona kwamba chombo hicho ni anasa ambayo nchi maskini ingeweza kuikosa bila kudhurika. Mambo yakageuka katika miaka ya tisini. Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi vya siasa ulirejeshwa kwa sheria. Mwaka 1993 Bunge likapitisha sheria ya utangazaji iliyowafungulia watu binafsi mlango. Na mwaka 1994 vituo vya kwanza vya televisheni vya watu binafsi vikaanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Serikali nayo baadaye ikaanzisha Televisheni ya Taifa. Kwa hiyo televisheni na siasa za ushindani ziliingia Bara karibu pamoja, kama mapacha, na tangu hapo haikuwezekana kulieleza moja bila kuligusa jingine.

Mwandishi wa mkoani

Vituo hivyo vilikuwa Dar es Salaam, lakini nchi haikuwa Dar es Salaam peke yake. Ndipo ikazuka kazi mpya: mwandishi wa mkoani. Yafaa vijana waielewe kazi hii, kwa kuwa wengi wao huwaona watangazaji waliovaa suti katika kioo na kudhani kwamba hao ndio waandishi wote.

Mwandishi wa mkoani huwa ni mtu mmoja anayefanya kazi ya watu watatu. Yeye ndiye mpiga picha, yeye ndiye muulizaji wa maswali, na yeye ndiye mwandishi wa maelezo yatakayosomwa. Zamani alimaliza kazi yake kwa kukimbilia stendi na kumpa dereva wa basi kanda iliyofungwa katika bahasha, ili ifike Dar es Salaam kabla habari haijachacha. Siku hizi hutuma kwa mtandao, lakini barabara za vijijini ni zile zile. Wengi wao hawana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa kila habari iliyotumika, na isiyotumika ni hasara yao. Hupanda pikipiki za kukodi, au huomba nafasi nyuma ya gari la msafara wa kiongozi. Na hapo ndipo mtihani wao unapoanza, maana anayekula katika sahani ya mtu huona vigumu kusema kwamba chakula chake hakina chumvi.

Katika utumishi wangu nikiwa ofisa utamaduni nimewaona watu hawa kwa karibu, na sitaficha kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika wilaya moja ya mkoa huu, kijana mmoja mwandishi aliingia ofisini kwangu nguo zake zikiwa zimegeuka rangi kwa vumbi. Alikuwa ametoka katika kijiji ambacho kisima chake kilikuwa kimeharibika kwa miezi kadhaa, naye alitaka kauli ya ofisi. Nilikuwa naijua kweli yote. Lakini nilikuwa nimeelekezwa nisiseme neno, nami nikatii. Nikamwagizia chai, tukazungumza habari za upepo na mavuno ya alizeti, kisha nikamsindikiza hadi mlangoni. Alinishukuru kwa chai. Sikumpiga wala sikumtukana. Lakini hata leo, nikikumbuka uso wake, najua kwamba siku ile nilimtendea mjumbe nusu ya ile sheria ya wahenga: nilimpa maji, nikamnyima njia.

Mwangosi alikuwa nani

Daudi Mwangosi alikuwa mzaliwa wa Rungwe, katika nchi ya milima na migomba, lakini kazi yake aliifanya Iringa. Aliiwakilisha Channel Ten huko, akipita katika wilaya za mkoa ule na kamera yake. Wakati huo huo wenzake walimchagua kuwa Mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari ya Mkoa wa Iringa.

Cheo hiki si cha fahari. Kila mkoa una klabu ya namna hiyo, nasi Singida tunayo yetu, na zote zimeungana katika Muungano wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania. Klabu ndiyo hutafuta mafunzo kwa wanachama wasiopelekwa semina na waajiri wao. Klabu ndiyo huchangia mgonjwa na msiba. Na mwandishi anapokamatwa au kufukuzwa katika mkutano, mwenyekiti wa klabu ndiye anayetazamiwa kwenda kuuliza sababu. Naomba msomaji alishike jambo hili la mwisho, maana ndilo litakalotufikisha Nyololo.

Habari za siasa ndizo zilizokuwa nzito katika miaka ile. Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2010 ulikuwa umeongeza nguvu za vyama vya upinzani Bungeni, na chama cha CHADEMA kilikuwa kikizunguka mikoani kufungua matawi. Mwandishi wa televisheni hakuweza kukaa nyumbani. Mwandishi wa gazeti anaweza kuusimulia mkutano kwa kuwauliza waliohudhuria. Mwandishi wa televisheni ni lazima awepo mwenyewe, asogee karibu, na asimame mahali panapoonekana, kwa sababu kamera haisimulii kilichotokea jana. Kazi yake ndiyo inayomweka mbele ya hatari.

Siku ya Nyololo

Mwisho wa Agosti, 2012, taifa lilikuwa katika Sensa ya Watu na Makazi. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti ndio uliokuwa usiku wa kuhesabiwa, na kazi hiyo iliendelea hadi siku za mwanzo za Septemba. Polisi walitoa sababu ya sensa kuzuia mikutano ya siasa. CHADEMA nao walikuwa wamepanga kufungua matawi yao katika Wilaya ya Mufindi. Tarehe 2 Septemba, siku ya Jumapili, pande hizo mbili zikakutana Nyololo, na waandishi wa habari wakawa kati yao.

Mkusanyiko ulitawanywa kwa mabomu ya machozi. Wenzake waliokuwapo walieleza kwamba katika ghasia zile Mwangosi aliwaendea polisi ili kuuliza sababu ya mwandishi mwenzake kukamatwa. Hakuwa na silaha. Alikuwa na kamera. Askari wakamzunguka, wakampiga. Ofisa mmoja wa polisi alijaribu kumkinga kwa mwili wake, naye akaumia. Kisha bomu la machozi likafyatuliwa karibu kabisa na mwili wa Mwangosi, likampasua tumbo, akafa pale pale. Picha zilizopigwa na mwandishi mwenzake zilichapishwa magazetini, na nchi nzima ikaona.

Sensa ile ilitoa hesabu ya watu 44,928,923. Kila nikiisoma tarakimu hiyo katika vitabu vya shule, humkumbuka mtu mmoja ambaye, kabla hesabu haijatangazwa, alikuwa ameshatoka katika idadi ya walio hai.

Yaliyofuata

Marehemu alizikwa kwao Rungwe, akiacha mjane na watoto. Mwezi huo huo waandishi wa habari waliandamana kimya kimya, wakiwa wamevaa nguo nyeusi, kudai haki itendeke. Serikali iliunda kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji mstaafu. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilifanya uchunguzi wake na kueleza kwamba haki za binadamu na misingi ya utawala bora vilikiukwa siku ile. Baraza la Habari Tanzania pamoja na Jukwaa la Wahariri nao walipeleka watu wao kuchunguza.

Kesi ilichukua muda mrefu. Askari mmoja alishtakiwa kwa mauaji, na mwezi Julai, 2016, Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia, ikamhukumu kifungo cha miaka 15. Karibu miaka minne ilikuwa imepita tangu siku ya Nyololo. Wako waliosema hukumu ilikuwa ndogo, na wako waliouliza kama askari wa chini huenda mahali kama pale bila amri ya wakubwa. Lakini yafaa kukiri jambo moja: mahakama ya nchi ilikaa, ikasikiliza, ikatamka kwamba damu ya mwandishi haimwagwi bure. Katika nchi nyingi za dunia hata hilo halipatikani.

Muungano wa klabu za waandishi ulianzisha tuzo ya ujasiri katika uandishi wa habari yenye jina la Daudi Mwangosi. Hivyo jina lake likaendelea kutajwa miongoni mwa waandishi, hata wale walioingia kazini baada ya kifo chake.

Hoja za wanaomlaumu

Nimewahi kuisimulia habari hii mbele ya walimu, na daima huinuka mtu mwenye hoja. Ni vizuri tuzijibu hoja hizo kwa uungwana.

Hoja ya kwanza husema: mkutano ulikuwa umezuiwa, basi alifuata nini? Na wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hoja hii inasahau kwamba mwandishi hakuitisha mkutano ule. Mvua ikibomoa daraja, hatumlaumu aliyekuja kutupa habari kwamba daraja limebomoka. Kama mkutano ulizuiwa kihalali, kamera ya mwandishi ndiyo ingekuwa shahidi wa polisi. Kama ulizuiwa isivyo halali, ndiyo ingekuwa shahidi wa raia. Mwenye haki haogopi shahidi.

Hoja ya pili husema: waandishi wengine ni washabiki wa vyama, huvaa kalamu kumbe wamevaa bendera. Hili lipo, wala sitalikana. Mwandishi anayeficha kosa la upande mmoja na kulikuza la upande wa pili ameivunja amana yake, nasi tuna haki ya kumwambia hivyo. Lakini dawa ya habari mbaya ni kuikanusha kwa habari njema, au kumpeleka mwandishi mbele ya sheria. Mila zetu hazikuuliza kwanza kama mjumbe anapendeza ndipo ziamue kama aishi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ilitolewa na mzee mmoja ambaye mwanawe ni askari. Alisema: msisahau kwamba askari naye ni mtoto wa maskini, ametumwa, anaogopa, na mbele yake kuna umati. Ni kweli. Askari naye ni mjumbe wa dola. Lakini siku ile ile, katika kundi lile lile la polisi, alikuwapo ofisa aliyejitupa kumkinga Mwangosi. Sare ilikuwa moja, amri ilikuwa moja, hofu ilikuwa moja. Kilichotofautisha ni utu. Ofisa yule alionyesha kwamba sare haimlazimishi mtu kuusahau utu wake, na kwa maoni yangu anastahili kutajwa kila inapotajwa habari ya Nyololo.

Mila ya zamani na kazi ya leo

Sasa turudi tulikoanzia. Mjumbe wa zamani alilindwa kwa sababu kila mtemi alijua kwamba kesho naye atatuma mjumbe. Ulinzi ule ulikuwa ni mapatano ya wenye nguvu wawili. Mwandishi wa leo hatumwi na mtemi. Ametumwa na mama wa Iramba anayetaka kujua bei ya vitunguu, na mkulima wa Manyoni anayetaka kujua mbunge wake alisema nini Dodoma. Waliomtuma hawana jeshi. Kinachosimama mahali pa fimbo ya mtemi ni sheria.

Na sheria ipo. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatambua uhuru wa mtu kutoa maoni, na haki yake ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Sheria zinazoongoza kazi ya habari zimebadilika, kuanzia ile ya magazeti ya mwaka 1976 hadi ile ya huduma za habari ya mwaka 2016, na mjadala juu yake haujakoma. Lakini sheria peke yake ni kama nyumba isiyo na watu. Mwaka 2017 mwandishi mwingine wa mkoani, Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika kutoka Kibiti, alitoweka na hakuonekana tena. Katiba ilikuwapo. Kilichopungua kilikuwa ile mila iliyomfanya mtu asione hata haja ya kufungua kitabu kabla ya kujua kwamba mjumbe hauawi.

Mjini Singida uko uwanja wa mpira wenye jina la Liti, yule mama wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Hapakuwa na kamera wala gazeti la kumwandika. Habari zake tulizipata kwa bibi zetu, na kila bibi alikuwa na masimulizi yake, hata leo wanahistoria wanapata taabu kutenganisha kweli na hadithi. Laiti angalikuwapo mjumbe mmoja aliyeona kwa macho yake na kuandika siku ile ile, leo tungalijua mengi. Kila mwandishi anayenyamazishwa katika zama zetu ni ukurasa ambao wajukuu watautafuta wasiupate.

Nawaomba basi walimu wa historia na uraia, mnapofundisha habari za vyama vingi, msiishie kwenye tarehe za chaguzi na majina ya marais. Waiteni waandishi wa mkoa wenu waje darasani na kamera zao, wawaeleze vijana jinsi habari inavyotafutwa. Nanyi vijana, wengi wenu mtakuja kukaa katika ofisi kama ile niliyokaa mimi. Siku moja ataingia mtu aliyejaa vumbi, akiuliza habari za kisima. Msimnyime chai, lakini msikomee kwenye chai.

Namalizia kwa ubeti huu nilioutunga kwa ajili ya marehemu:

Mjumbe aliyetumwa, hana kosa abadani,
Husema lililosemwa, mjini na vijijini,
Taa yake ikizimwa, sote tuwamo gizani,
Haki mtu akinyimwa, deni hukaa shingoni.